Nje ya Wapi?

Hivi umeshawahi kuwasikiliza watu wanavyotamka maneno "mtoto wa nje"? Wanashusha sauti. Hata kama wako wawili tu sebuleni na mlango umefungwa, sauti inashuka kama wanataja ugonjwa wa mtu. "Yule wa mwisho ni wa nje, bwana." Halafu haraka haraka mazungumzo yanahamia kwenye bei ya mafuta ya kupikia.

Mimi ni mtoto wa nje. Naliandika hapa bila kushusha sauti, maana kwa miaka thelathini na kitu nimekuwa nikijiuliza: nje ya wapi? Nilizaliwa ndani ya wodi, nikalelewa ndani ya nyumba, nikabebwa ndani ya khanga ya bibi yangu. Waliokuwa nje ya ndoa ni wazazi wangu, tena wawili. Lakini jina nikapewa mimi peke yangu, na sikuwepo wakati wa kikao.

Mpenzi msomaji, kwenye kurasa hizi tumezoea kuongea mambo ya mapenzi, wivu, mawifi na bajeti ya harusi. Mwezi huu naomba tuongee jambo ambalo wengi wa rika letu tunaliweka kiporo. Unajua tena maisha ya mjini. Mnaanza na mswaki mmoja kwake, unafuata mfuko wa nguo, mara mmehamia pamoja. "Tunajipanga, harusi Desemba." Mara mimba, mara mtoto, na Desemba zinapita tatu kwa sababu ukumbi ni ghali na michango haijatimia. Sina ugomvi na hilo, wala sikuja kuhubiri. Nataka kusema jambo moja tu: kuoana na kuzaa ni mambo mawili, kila moja lina karatasi yake, na karatasi ya mtoto haina sababu ya kuisubiri ya harusi.

Mimi na mama, madada

Mama alikuwa na miaka 22, karani wa ofisi, alipopata ujauzito wangu. Baba alikuwa na nia. Barua ya posa iliandikwa, lakini ikakwama kwenye dini: upande mmoja Walutheri, upande mwingine Wakatoliki, na wazee wa pande zote mbili hawakutaka kushuka. Wakati wazee wanavutana, mimi nikazaliwa. Nilipofikisha miaka mitatu, baba akaoa kwingine.

Tusimsingizie, hakutoweka. Alikuja na viatu vya sikukuu na biskuti, na ada ya shule aliwahi kulipa. Alichokuwa hajafanya ni kuingia ofisi yoyote na kusema, "Huyu ni wangu, andikeni." Cheti changu cha kuzaliwa, mahali pa jina la baba, pana kistari.

Siku ya kuandikishwa darasa la kwanza, babu yangu mzaa mama, mzee wa Tukuyu asiyependa maneno mengi, akasema mtoto haendi shule na majina nusu. Akanipa lake. Ndiyo maana hadi leo ubini wangu ni jina la babu, na mama yangu naye ubini wake ni huohuo. Ukituweka kwenye karatasi, mimi na mama ni madada! Kila fomu niliyowahi kujaza, ya sekondari, ya chuo, ya pasipoti, kuna mtu dirishani ameinua macho na kuuliza, "Huyu mzazi wako mbona mmechangia baba?" Nikiwa chuoni nilikuwa nimeshapata jibu la haraka. Nikiwa na miaka kumi na mbili nilikuwa sina.

Baadaye nilipoanza kusoma mambo haya nikagundua kuwa babu alikuwa anafuata njia iliyokwishapigwa. Mwaka 1963 serikali iliandika kwa pamoja mila za makabila yanayofuata ukoo wa baba, ikazitangaza kuwa sheria ya mila. Humo, mtoto aliyezaliwa na mwanamke ambaye hajaolewa ni wa upande wa mama. Baba akimtaka, njia ni mbili: amuoe mama, au ampelekee baba wa binti shilingi mia moja kabla mtoto hajaachishwa ziwa. Na kanuni za mirathi za mwaka huohuo zikasema kwamba mtoto wa nje harithi upande wa baba kama baba hakuacha wasia.

Hiyo mia moja ilikuwa na pacha wake. Sheria ya matunzo tuliyorithi kutoka kwa mkoloni ilimtaka mama ambaye hajaolewa awahi mahakamani kabla ya kujifungua au ndani ya miezi kumi na miwili baada ya hapo. Akishinda, kiwango cha juu alichoweza kupewa kwa mwezi kilikuwa shilingi mia moja. Kiwango hicho kilikaa vitabuni hadi mwaka 2009, wakati ambapo mia ilikuwa inanunua labda andazi moja. Andazi la mwezi mzima, jamani!

Nilipomsimulia dada mmoja tunayekaa naye meza moja ofisini, Mluguru wa milimani Morogoro, alicheka mpaka akaweka chai chini. "Kwetu wewe usingekuwa nje," akaniambia. "Ungekuwa ndani kuliko baba yako." Ana haki ya kucheka. Kwa Waluguru ukoo unafuata mama, kama ilivyo kwa Wamakonde na Wayao kule kusini. Mtoto anazaliwa na ukoo wake tayari, baba awepo asiwepo. Nchi hiyohiyo moja, basi la saa chache, na mimi ningekuwa mtu mwingine. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba "nje" si kitu ninachotembea nacho mwilini. Ni mstari uliochorwa na watu, na watu wengine waliuchora mahali pengine.

Marehemu ameacha watoto wanne

Baba alifariki nikiwa nimeshaanza kazi. Nilisafiri usiku hadi kwao Iringa, nikafika asubuhi turubai limeshafungwa. Mjane wake hakuwa mtu mbaya hata kidogo. Yeye mwenyewe ndiye aliyenipa khanga ya kujifunga na kunionyesha pa kukaa, jirani na mashangazi.

Ulipofika wakati wa kusoma wasifu, kijana mmoja wa ukoo akasimama na karatasi iliyopigwa chapa vizuri. Alizaliwa mwaka fulani, akasoma shule fulani, akafanya kazi mahali fulani. "Marehemu ameacha mjane na watoto wanne." Akakunja karatasi.

Sisi tulikuwa watano. Watano wote tulikuwa tumekaa pale, ndani ya turubai moja, na pua za watu watano zinazofanana kama zimetoka kiwanda kimoja. Nilisikia shangazi yangu akishusha pumzi pembeni yangu. Jioni aliniita nyuma ya jiko, akanishika mikono, akasema maneno ambayo sijawahi kuyasahau: "Sisi tunakujua, mwanangu. Karatasi ndiyo haikujui."

Hakukuwa na hila yoyote. Aliyeandika wasifu aliutoa kwenye faili la baba: fomu za kazini, bima, orodha ya wategemezi. Baba hakuwahi kunijaza popote. Nadhani aliona haina haja, kwa kuwa yeye alikuwa ananijua. Ulipokuja wakati wa mirathi, kaka yangu mkubwa, mtoto wa mama mwingine lakini kaka wa kweli, alinipigia simu kuniambia nimo. Alipokwenda kufuatilia mafao, dirishani wakamuuliza vyeti vya watoto. Vinne vilikuwa na jina la marehemu. Cha kwangu kilikuwa na kistari.

Sikwenda mahakamani, na sikuwa nataka shamba wala nyumba. Nilichotaka kilikuwa kusikia neno "watano" likitamkwa mbele za watu siku ile. Hilo hakuna msimamizi wa mirathi anayeweza kulirudisha.

Siku hizi sheria inasemaje?

Hapa ndipo nataka usogeze kiti, maana wengi wetu bado tunaishi kwa sheria za vijiweni.

Tanzania Bara ilipitisha Sheria ya Mtoto mwaka 2009, ikaifuta ile ya andazi. Chini ya sheria hii, mtoto mwenyewe, mzazi, mlezi au ofisa ustawi wa jamii anaweza kuomba mahakama itamke nani ni mzazi wa mtoto. Maombi yanaweza kuanza hata kabla mtoto hajazaliwa. Yanaweza kuletwa wakati wowote kabla hajatimiza miaka 18, na baada ya hapo kwa kibali maalumu cha mahakama. Mzazi akifariki, ipo nafasi ya miaka mitatu.

Ushahidi unaoangaliwa ni wa aina tano, na ukiusoma utaona sheria inawajua Watanzania vizuri. Kuna jina la mzazi kwenye daftari la vizazi. Kuna baba kufanya sherehe ya kimila kwa ajili ya mtoto. Kuna kumkiri mtoto hadharani. Kuna kukataa kwenda kupimwa, maana naye anayekimbia kipimo anakuwa amesema kitu. Na kuna majibu ya vinasaba, yaani DNA. Ubaba ukithibitika, baba anabeba wajibu uleule kama wa mtoto wa ndani ya ndoa.

Kwenye familia za Kiislamu, suala la mirathi lina taratibu zake: mtoto aliyezaliwa nje ya nikahi anarithi kwa mama, na baba anaweza kumwachia kwa wasia, usiozidi theluthi ya mali. Kwa hiyo kaka yangu Mwislamu, kama una mtoto wa aina hiyo, wasia kwako si jambo la uzeeni. Uandike sasa hivi.

Jirani zetu Wakenya wameuvuta mstari huu mbali zaidi. Katiba yao ya mwaka 2010 inasema baba na mama wana jukumu sawa kwa mtoto, wawe wameoana au hawajaoana. Mwaka 2016 Mahakama Kuu ya Nairobi ilikibatilisha kifungu kilichozuia jina la baba asiye na ndoa kuingia kwenye cheti cha kuzaliwa mpaka yeye na mama waombe pamoja. Na mwaka 2025 Mahakama ya Juu ya huko iliamua kwamba kumnyima mtoto urithi wa baba yake Mwislamu kwa sababu tu alizaliwa nje ya ndoa ni ubaguzi. Uamuzi huo umezua mjadala mkali pwani na bara, na hauishi leo. Lakini swali wanalobishania ni lilelile la kwangu: kosa ni la nani, na anayelipa ni nani?

"Tumeishi miezi sita, tayari ni ndoa"

Hili ndilo nalisikia kila saluni. Hapana, dada yangu. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inasema miaka miwili au zaidi, tena mkiishi kwa namna ambayo jamii inawatambua kama mume na mke. Na hata hapo unapata dhana tu, inayoweza kupingwa kwa ushahidi. Kama mwenzako alifunga ndoa ya mke mmoja mahali na bado ndoa hiyo ni hai, dhana yako haina pa kusimama. Sheria haijamtupa mwanamke, lakini: hata dhana ikivunjwa, bado anaweza kuomba matunzo yake na ya watoto waliozaa pamoja.

Kuna upande wa pili ambao watu hawaujui. Mtoto akizaliwa wakati mama yuko ndani ya ndoa halali, au ndani ya siku 280 tangu ndoa ivunjike na mama hajaolewa tena, sheria ya ushahidi inamhesabu kuwa ni wa yule mume, isipokuwa ithibitike kwamba hawakukutana kabisa katika kipindi ambacho mimba ingeweza kutungwa. Namjua dada aliyeachana na mume wake kwa mdomo tu, kila mtu akachukua njia yake, hakuna aliyekwenda mahakamani. Miaka minne baadaye amepata mtoto na mwanamume mwingine, wanapendana, wanajenga. Machoni pa sheria, mume wake wa kwanza bado amesimama mlangoni mwa chumba cha mtoto. Kama wewe ni huyo dada, au ni huyo bwana wa pili, talaka yako siyo karatasi ya kisasi. Ni ya mtoto.

Kaka zangu, kuhusu DNA

Najua mnachotaka kuniambia. "Mhariri, mbona humtaji yule anayebambikiwa?" Nawasikia. Kulea kwa uongo kunauma, na mwanamume ana haki ya kujua. Lakini sikilizeni: vipimo hivi vina sheria yake, ya mwaka 2009 pia, na maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali haimpokei mtu aliyeingia tu na bahasha mfukoni. Maombi yanapitia kwa wanaotambuliwa na sheria hiyo, kama vile mahakama, wakili au ustawi wa jamii. Na kuna sababu. Majibu yale yakishasomwa hayarudi kwenye bahasha, na anayebaki nayo maisha yake yote ni mtoto.

Kwa hiyo kama una shaka, itoe mapema, kwa utaratibu, mtoto akiwa bado hajajua kukuita. Usiifuge miaka kumi na mbili halafu uitoe siku ya ugomvi wa ada. Na kama huna shaka, basi mwandike. Kukaa katikati, ukimlea kwa mkono mmoja huku mwingine umeuficha nyuma, ndiyo hali niliyokulia mimi.

Sisi tulivyofanya

Nilipopata mimba, mimi na mwenzangu tulikuwa tumeishi pamoja mwaka mmoja na nusu. Hatukuwa na harusi wala fedha ya harusi. Nilimwambia jambo moja: pete nitasubiri, mtoto hasubiri.

Akaenda na mjomba wake Tukuyu, akajitambulisha, akalipa faini waliyomtajia bila kununa. Babu alikuwa bado hai. Aliishika ile noti, akaitazama, akasema, "Mia moja imekua," na wazee wote wakacheka. Binti yetu alipozaliwa, tulitoka hospitali na tangazo la kizazi lenye majina yetu wote wawili, na kabla hajaanza kukaa tulikuwa tumeshamaliza cheti. Wiki hiyohiyo baba yake akapeleka nakala kazini, akamwandika kwenye bima na kwenye orodha ya wategemezi. Mawifi walisema tunafanya mambo kinyumenyume, mtoto kabla ya mahari. Nikawajibu kwa heshima kwamba mahari ni yetu wakubwa, tutaimaliza. Tuliimaliza. Tulifunga ndoa binti akiwa na miaka mitatu, na ndiye aliyetutangulia na kikapu cha maua, akiyala mengine.

Sasa wewe unayesoma hapa, pengine mtoto amelala chumba cha pili na mwenzako anaangalia mpira. Sikuulizi harusi lini. Naomba leo usiku mfungue lile droo la nyaraka na kuangalia vitu vinne. Cheti cha kuzaliwa kina majina mawili? Kazini kwako, na kazini kwake, mtoto ameandikwa? Kuna wasia, hata wa ukurasa mmoja wenye mashahidi? Na kama mmoja wenu ana ndoa ya zamani iliyokufa bila kuzikwa, nani anakwenda kwa wakili, na siku gani?

Kama yote yapo, funga droo, kaendeleeni na mpira. Kama kuna kistari mahali, ofisi zinafunguliwa Jumatatu asubuhi. Nendeni wote wawili, na mtoto mgongoni.